Jeshi langu la choroko, na rufaa dhidi ya kura ya Jumapili

Hosteli, ghorofa ya tatu, maji hakuna tangu jana. Najua nimepotea. UE zilinibana, halafu boom likachelewa, halafu likaja likaisha lenyewe kama kawaida yake. Sasa nimerudi, na nimerudi na hasira. Leo sielezi habari za foleni ya kantini. Leo natoa la moyoni, na watu watatu watajijua humu ndani, nasema mapema ili wasije wakasema nimewasengenya.

Jumapili iliyopita kura ilipigwa. Tulikuwa wanne, nikashindwa tatu kwa moja. Kura ilisema hivi: jeshi langu la Waazteki, ambalo nimelijenga kwa miezi minne kwa mikono yangu, lihesabiwe mezani kama “umati”. Yaani kundi la washenzi wasio na mpangilio, likiona farasi linakimbia. Haya ninayoandika ni rufaa.

Kwa wageni niwaeleze kidogo. Mwaka juzi alikuja mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Uingereza, akakaa nasi semista moja. Alipoondoka aliacha chandarua, sufuria, na kijitabu chembamba cha sheria za kupigana vita mezani kwa sanamu ndogo ndogo. Sheria hizo zinaitwa De Bellis Antiquitatis, wenyewe wanafupisha DBA, zimetungwa na Phil Barker na Richard Bodley Scott, zikatoka mwaka 1990. Utamu wake ni kwamba jeshi zima ni vikosi 12 tu. Kila kikosi ni kipande cha kadibodi chenye askari wachache juu yake. Zamu yako ikifika unarusha dadu, na namba inayotoka ndiyo idadi ya amri unazoweza kutoa. Vikosi vikigusana kila mtu anarusha dadu, anajumlisha na nguvu ya kikosi chake, aliyezidiwa anarudi nyuma au anaondoka mezani. Ukipoteza vikosi vinne na mwenzako hajafika huko, umekwisha. Mchezo unaisha kabla chai haijapoa sana. Tunachezea kwenye kibaraza, meza moja, rula moja, dadu za kuazima.

Mmoja wetu anasoma Sheria, tunamwita Mheshimiwa, ana Warumi. Dada wa Takwimu ana Wamongolia na huwa anatuchapa wote. Kaka wa Uhandisi anajenga Wahispania wa Cortés. Mimi, mwalimu mtarajiwa, nikachagua Waazteki. Sikuwachagua kwa sababu ya manyoya, ingawa manyoya nayo yana raha yake. Niliwachagua kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani nikashindwa kulijibu.

Ilikuwa wakati wa BT mwaka jana. Kidato cha pili, somo la Historia, tunazungumzia jinsi Wazungu walivyokusanya dhahabu na fedha kule Amerika. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa na mimi nilipokuwa kidato hicho hicho: mwaka 1519 Mhispania Hernán Cortés akiwa na watu kama 500 aliwashinda Waazteki. Mstari mmoja, nukta, twende mbele. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Nikamwambia aulize kwa Kiingereza, akajaribu, akakwama, akaamua liwalo na liwe: “Madam, watu mia tano wamewashindaje watu mamilioni? Walikuwa wajinga?” Darasa likacheka. Mwingine akadakia, “Si ndiyo kama sisi tu.”

Jamani. Niligeuka ubaoni nikajifanya nafuta. Nikasema ni kwa sababu ya bunduki na farasi, nikaendelea na mada. Lakini lile “kama sisi tu” lilirudi na mimi mpaka kwenye basi la kurudi chuoni. Mtoto wa miaka 14 amesikia mstari wangu mmoja na tayari amefikia hitimisho kuhusu ubongo wake mwenyewe, na aliyemfikisha huko ni mimi na chaki yangu.

Sasa turudi kwa Mheshimiwa. Jumapili aliinama, akalitazama jeshi langu, akatabasamu kama anavyotabasamu akiwa hajasoma. “Dada yangu, limependeza sana. Lakini hili ni jeshi la kufa. Mia tano tu waliwamaliza.” Ona! Mstari ule ule wa ubaoni kwangu. Mtu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu na anabeba desa la kidato cha pili.

Haya, tuanze na hesabu, na Dada wa Takwimu nakuomba usinitupe katika hili. Hao 500 ni wale walioshuka pwani mwaka 1519, na farasi 16. Hao hawakuuteka Tenochtitlan. Waliingia Tenochtitlan tarehe 8 Novemba 1519 kama wageni, wakapewa malazi, na usiku wa tarehe 30 Juni 1520 walifukuzwa humo mbio. Mamia ya Wahispania walikufa usiku ule kwenye barabara za kuvukia ziwa, na washirika wao wenyeji wengi zaidi, na dhahabu ikazama majini. Wahispania wenyewe waliuita usiku wa huzuni. Hao ndio 500 wako, Mheshimiwa, na walikuwa wameshaongezewa wengine waliokuja na Narváez! Walipigwa. Hilo sikuliandika ubaoni kwa sababu hata mimi sikuandikiwa.

Waliorudi mwaka 1521 ni jeshi jingine. Cortés mwenyewe alihesabu: wapanda farasi 86, wenye bunduki na pinde za mtambo 118, na wa miguu mia saba na zaidi. Jumla kama 900. Na nyuma yao makumi elfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, Texcoco, Huexotzinco, Chalco na kwingineko. Tuseme elfu 50 tu kwa ajili ya hesabu. Gawanya kwa vikosi 12 vya DBA, kila kikosi kinasimama badala ya watu zaidi ya 4,000. Wahispania 900 wanapata nini hapo? Kama moja ya tano ya kikosi kimoja. Yaani ukilijenga jeshi la Cortés kwa haki, Kaka wa Uhandisi, Mhispania wako anatakiwa awe sanamu moja amesimama pembeni ya kadibodi, huku kadibodi zote 12 zimejaa Watlaxcala. Lakini wewe umejenga vikosi tisa vya Wahispania wenye kofia za chuma na vitatu vya “wenyeji”. Halafu mnaniambia mimi ndiye mwenye jeshi la kubuni!

Najua jibu lenu, maana mlishalitoa: kwa nini basi Watlaxcala walijiunga na mgeni, si ni wasaliti? Hapa ndipo ninapopanda juu ya meza. Walimsaliti nani? Hapakuwa na nchi moja inayoitwa “Waazteki”. Hata hilo jina la Waazteki limeenezwa na waandishi wa karne ya 19. Wenyeji wa Tenochtitlan walijiita Mexica, na inatamkwa “Meshika”. Kwa Kiswahili basi ni Wameshika. (Nilipogundua hili nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikatolewa nje.) Na walikuwa wameshika kweli kweli. Mwaka 1428 waliungana na Texcoco na Tlacopan, wakaiangusha Azcapotzalco iliyokuwa inawatoza kodi, na kuanzia hapo wao ndio wakawa watoza kodi mpaka bahari zote mbili. Tlaxcala hawakushikwa. Walizungushiwa, wakanyimwa chumvi na pamba kwa miaka mingi, wakapigana nao vizazi. Septemba 1519 Watlaxcala hao hao walimpiga Cortés kwanza, vita vikali, ndipo wakaketi wakapiga hesabu zao: huyu mgeni ana vifaa, sisi tuna watu, adui tunaye mmoja. Ni siasa. Walikosea kuhusu mgeni, sawa, lakini mtu anayekosea hesabu si mtu asiyejua kuhesabu.

Na sisi tunaosoma Historia tusijifanye tunashangaa. Wissmann aliposhuka pwani yetu mwaka 1889 jeshi lake lilijaa Wasudani na watu walioletwa kutoka Msumbiji. Tunaandika “Wajerumani walishinda” kana kwamba walipigana peke yao. Nimesema, naendelea.

Kuna ndui pia. Iliingia mwaka 1520 ikapita mjini wakati Wahispania hawapo hata mlangoni. Cuitlahuac, mtawala aliyechukua nafasi baada ya Moctezuma, mtu aliyewafukuza, alikufa kwa ndui baada ya kutawala siku kama 80 tu. Basi nadai hivi: mchezo wa 1521 ukianza, nirushe dadu kwa kila kikosi changu, moja au mbili kikosi kinaondoka mezani kabla ya vita. Mkiona siwezi kushinda baada ya hapo, angalau mtajua ni kwa nini.

Halafu waliobaki walipigana. Kuanzia Mei hadi tarehe 13 Agosti 1521, zaidi ya siku 70, mfereji wa maji matamu kutoka Chapultepec umekatwa. Mimi maji yamekatwa tangu jana na nimeshindwa hata kuandika kazi ya semina. Hao mnaotaka kuwaita umati walipigilia miti ndani ya ziwa ili mashua 13 za Cortés zikwame. Walichimba mitaro kwenye barabara usiku, mchana Wahispania wanafukia, usiku wanachimba tena. Waliona mizinga inapiga moja kwa moja wakaacha kwenda moja kwa moja, wakawa wanakwenda kwa kupinda pinda. Walichukua panga za Wahispania wakazifunga kwenye miti mirefu za kuchomea farasi. Waliteka mzinga wakautosa majini. Siku moja mwishoni mwa Juni 1521 waliwavuta Wahispania kwenye mtego wakakamata hai zaidi ya 50. Umati gani unafanya hivyo? Nionyesheni umati unaojifunza.

Mheshimiwa alikuwa na hoja ya pili, na hii nakiri inanichokoza kwa sababu imo kwenye vitabu vingi: eti Wameshika hawakujua kuua, walikuwa wanakamata mateka tu wa kutoa kafara, kwa hiyo wakazidiwa na watu wanaopigana “vita vya kweli”. Ngoja. Kukamata mateka kulikuwepo, tena kulikuwa ndiyo ngazi ya kupandia maishani, nitalieleza. Lakini jeshi linaloanza vita kwa mvua ya mishale, mawe ya kombeo na mikuki ya kurushwa kwa atlatli (kijiti chenye ndoana, kinaongeza urefu wa mkono) halijaja kukumbatia mtu. Kombeo halikamati mateka. Soma Ross Hassig, kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vita vya Waazteki, kipo kwenye kompyuta yangu njooni na flashi. Kazi yake inaonyesha dola yenye mipango: wanakwenda vitani kiangazi baada ya mavuno, wapagazi wanabeba kilo 23 hivi kila mmoja kwa kuwa hakuna punda wala ng'ombe, miji iliyotekwa inawalisha njiani. Hata vile “vita vya maua” walivyopigana na Tlaxcala anavieleza kama njia ya kumchosha adui taratibu huku unamzingira.

Walishindwa pia, sifichi. Mwaka 1478 hivi mtawala wao Axayacatl aliwaendea Watarasca huko magharibi, akapigwa vibaya, sehemu kubwa ya jeshi haikurudi. Na wala msinidhanie nawafanya malaika. Mwaka 2015 wanaakiolojia walikuta uchanja wa mafuvu ya watu karibu na hekalu kuu, katikati ya Mexico City ya leo. Mafuvu ni ya kweli. Kafara ni ya kweli. Walikuwa dola, na dola zina tabia zake. Waulizeni Warumi wako, Mheshimiwa, waliokuwa wanawatundika watu misalabani barabarani na hakuna aliyepiga kura ya kuwaita washenzi.

Na ile ya Moctezuma kudhani Cortés ni mungu, naomba yeyote atakayeileta Jumapili anunulie watu wote soda. Cortés alimwandikia mfalme wake barua ndefu za kujisifu na hilo hakulisema. Hadithi imekua miaka mingi baadaye. Matthew Restall (2003) na Camilla Townsend wameshaivua nguo.

Sasa kujenga. Hapa nikubalieni nijisifu, maana humu ndimo ubishi wote ulimo.

Sanamu za kununua zipo, za risasi na za plastiki, huko Ulaya. Bei yake ukichanganya na posta ni boom langu la wiki mbili. Nikajaribu udongo wa mfinyanzi: ukakauka, ukapasuka, nikawa na jeshi la wakoma. Mwisho nikaangukia waya wa simu kwa mifupa, karatasi za magazeti zilizolowekwa kwenye gundi kwa misuli, na choroko kwa vichwa. Ndiyo, choroko. Kwa askari wa urefu wa milimita 28 choroko ina ukubwa sawasawa kabisa. Ngao ni vifungo vya shati. Na silaha yao maarufu, makuawitli, lile panga la mbao lenye meno ya obsidiani pembeni (kioo cha volkano, kikali kuliko wembe), nimetengeneza kwa vijiti vya kiberiti nilivyobanja bapa, nikachora meno kwa rangi nyeusi ya kucha. Rangi ya kucha ni ya mwenzangu wa chumba. Anajua sasa.

Kosa la kwanza wanalofanya watu wakijenga jeshi hili, na mimi nililifanya, ni kumvalisha kila mtu ngozi ya jagwa. Inapendeza, nakubali. Nilitengeneza majagwa 11 usiku mmoja, nikajiona fundi. Halafu nikakutana na picha za Codex Mendoza, kitabu cha michoro kilichotengenezwa Mexico miaka ya 1540 hivi na sasa kiko maktaba ya Bodleian, Oxford. Unaweza kukiona kwenye intaneti ukurasa kwa ukurasa. Humo wamechorwa askari kwa mpangilio wa mateka waliowakamata. Mateka mmoja, unapewa shuka yenye maua. Wawili, unapata vazi la kubana la mwili mzima na kofia ndefu iliyochongoka. Watatu, pambo la kipepeo mgongoni. Wanne, ndipo unavaa jagwa. Kwa hiyo vazi ni transkripti! Ukimwona mtu unasoma GPA yake kwa mbali. Jeshi lote la majagwa ni sawa na darasa zima lina first class, na sote tunajua hilo haliwezekani, hasa kwenye ile kozi ya takwimu za elimu.

Nikabomoa saba. Iliniuma.

Nikaanza upya kutoka chini, na kilichonigusa zaidi ni hawa wa chini, pengine kwa sababu ni fani yangu. Vijana wa kawaida wa mjini walipelekwa shule ya mtaa wao, inaitwa telpochkali, na watoto wengi wa wakubwa walikwenda kalmekaki. Kule telpochkali walifunzwa silaha, na safari ya kwanza ya vita kijana hakupewa panga, alibeba mizigo ya askari mkubwa huku anatazama. Yaani BT! Alikuwa na kishungi cha nywele kisogoni, na asipokamata mateka kishungi hakikatwi, anazeeka nacho na mabinti wanamcheka. Mitaa, kalpuli, ilitoa askari wake kwa pamoja, wakiwa na bendera yao na viongozi wao, na makundi yalijumlishwa mpaka kikosi kikubwa cha watu 8,000. Jamani, hii ni dola yenye shule kwa ajili ya watoto wa mitaani, yenye daraja za kijeshi zinazoonekana kwa macho, yenye hesabu ya watu elfu nane nane. Mtu atoke hapo aniambie “umati”.

Basi jeshi langu sasa liko hivi. Vikosi vinne ni hao wa telpochkali, mapajani wazi, ngao za vifungo ambazo hazikupambwa sana, vishungi nimeweka kwa uzi mweusi, na kwenye kila kadibodi nimemweka mmoja mwenye vazi la kofia ndefu, ndiye kaka mkubwa anayewaongoza. Viwili ni kombeo na mishale. Vitatu ni askari wazoefu wenye koti la pamba lililoshonwa nene, ichkawipili, ambalo nimetengeneza kwa pamba na gundi. Wahispania wengi waliacha chuma chao wakalivaa hilo maana joto lilikuwa linawaua. Kimoja ni tai, kimoja ni majagwa wangu wanne walionusurika. Cha mwisho ni jemadari, na mgongoni ana bendera ya karatasi inayong'aa ya biskuti na manyoya ya kanga yenye madoa, niliyopewa bure sokoni na mama muuza kuku baada ya kunihoji sana. Nilimwambia ni ya vita. Akaniongezea mfuko mzima.

Jumla askari 46. Nilikuwa na 49 mpaka Jumanne.

Sasa kuna mhadhiri mmoja, simtaji wala kozi siitaji. Nilimpelekea vikosi viwili kama mfano wa zana ya kufundishia. Akavigusa kwa kalamu. “Binti, hii ni midoli. Chora ramani.” Alama nilizopata nitazitunza moyoni. Ningemjibu, kama ningekuwa na ubavu, kwamba jeshi la Prussia liliwapa maofisa wake mchezo wa vita wa mezani mwaka 1824 na hawakuona haya, na kwamba H. G. Wells, mwandishi mzima mwenye mvi, alitoa kitabu cha kucheza vita kwa sanamu ndogo mwaka 1913. Lakini hoja yangu si hiyo. Ramani nilichora mwaka jana. Ramani ilikuwa na mshale mmoja mwekundu kutoka pwani mpaka Tenochtitlan, umeandikwa “Cortés 1519”. Mshale haukuwa na Mtlaxcala hata mmoja ndani yake. Haukuwa na ndui. Yule mtoto wa nyuma aliutazama mshale akaona mtu mmoja anatembea na nchi inaanguka, akauliza swali lenye akili kabisa kutokana na mchoro wa kijinga. Mbele ya meza yenye kadibodi 24, mtoto huyo huyo angeuliza, “Madam, mbona hawa wa upande wa Cortés wamefanana na hawa wa upande wa pili?” Na hapo ndipo kipindi kingeanza.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, sikubali “umati”. Ukisema ni mchezo tu, kwa nini ulipigania kura dakika 40 na chai ikapoa? Umepigania kwa sababu unajua kwamba namba tunayoiandika kwenye kikosi ni maoni kuhusu watu. Warumi wako umewapa nidhamu kwa sababu ulisoma kwamba walikuwa nayo. Na mimi nimesoma. Dai langu ni fupi: wazoefu, tai na majagwa wahesabiwe askari wa panga wenye nidhamu, vijana wa telpochkali wawe dhaifu kidogo, sikatai, ni wanafunzi, farasi wapewe nguvu uwanjani wazi lakini si kwenye barabara ya ziwani wala mitaani. Na Kaka wa Uhandisi atengeneze Watlaxcala. Nitamsaidia. Watlaxcala wana bendera yenye korongo mweupe, na vitambaa vya kichwani vyekundu na vyeupe vilivyosokotwa, wanapendeza kuliko hao makofia ya chuma wake.

Dada wa Takwimu ameshanitumia ujumbe kwamba atabadilisha kura yake nikimwonyesha hesabu ya 900 kwa elfu 50 kwenye karatasi. Nimemwonyesha. Kwa hiyo sasa ni mbili kwa mbili, na Jumapili saa tisa tunapiga tena, pale pale kibarazani.

Tatizo ni moja. Hao askari watatu waliopungua ni wale waliokuwa bado hawajapakwa rangi, na akiba ya vichwa ilikuwa kwenye kikombe juu ya dirisha. Jumanne mwenzangu wa chumba alirudi na njaa, hana hela, akaona choroko. Akapika zote, na vile vichwa vitatu vilivyokuwa vimelegea gundi akavichomoa akidhani vimedondoka kutoka kwenye kikombe. Nilipofika alikuwa anakula, akanikaribisha kabisa. Nilikula, sasa ningefanya nini.

Kwa hiyo nahitaji choroko kiganja kimoja, vifungo vya shati vya ukubwa wa kawaida kama 20, na rangi nyekundu ya kucha hata ya chupa inayoishia. Mwenye shati bovu asilitupe. Mimi niko chumbani mpaka saa moja usiku, baada ya hapo nitakuwa bombani nasubiri maji.